Chumvi Haiozi wa Gongoni

Nyumbani baba hakuwa na maneno.
Akirudi kutoka mashamba ya chumvi, miguu imepauka hadi magotini,
alisema "haya" akiingia, "haya" akinawa,
na "haya" ya tatu ilikuwa ya kwenda kulala.

Lakini Jumamosi, saa nane mchana!
Betri tumezianika juu ya bati tangu asubuhi
kando ya ng'onda wa mama,
waya wa antena tumeufunga kwenye kamba ya nguo,
na ole wake atakayekohoa.
Mtangazaji, sauti kama samli ya moto,
anamtaja baba yetu mbele ya nchi nzima:
Chumvi Haiozi wa Gongoni, Malindi,
anawasalimu Kiboko ya Wavivu kule Mambrui,
Bi Subira Imelipa wa Garsen,
Daktari wa Njaa, Kakoneni,
na Kadzo Kitindamimba, popote alipo.

Baba aliangalia kucha zake.
Sisi tulimwangalia yeye
kama mtu aliyerudi safari
ambayo hatukumwona akiondoka.

Hola, Taveta, Lungalunga:
sikuijua nchi hii kwa ramani,
niliijua kwa watu waliosalimiwa na baba.

Kadi moja shilingi mbili.
Sukari ilikosekana, kadi haikukosekana,
na mama alikuwa mtu wa hesabu.
Mwaka wa themanini na saba akahesabu jina moja
mara tatu ndani ya mwezi:
Waridi la Watamu.
Hakuuliza.
Alipika wali bila nazi.
Siku nne, wali mkavu unaokwama kooni,
na sisi watoto tukila kesi isiyo yetu.
Siku ya tano baba akachukua kalamu,
akatufukuza mezani,
akaifunika kadi kwa kiganja kama anayefanya mtihani.

Posta haikuwa na haraka na toba ya mtu.
Kabla kadi haijasomwa, dada Sidi aliolewa,
na wakaja, wale wa redioni, bila kadi ya mwaliko,
wengine kwa baiskeli, wengine juu ya lori la chumvi.
Kiboko ya Wavivu: kijitu cha kilo arobaini, viatu vya kuazima.
Daktari wa Njaa alikula sahani tatu, akaomba ukoko.
"Ni wewe?" "Ndimi." "Wewe kweli?"
Wazee wazima wakashikana mabega wakilia.
Na Waridi la Watamu likashuka kwenye baiskeli,
fundi wa pampu, ndevu hadi kifuani,
likampa mama mkono na kuku wawili.

Nazi ikarudi chunguni usiku uleule.

Ndipo Jumamosi iliyofuata, hatuna hili wala lile,
samli ya moto ikasoma:
"Chumvi Haiozi ana ujumbe kwa mpishi wake:
chumvi bila nazi ni maji ya bahari tu."
Mama aliweka mwiko chini.
"Sasa hata Lodwar wanajua nilikunyima nazi!"
Akanuna upya, siku mbili kamili.
Ila usiku, nyuma ya pazia,
nilimsikia akiyarudia maneno yale polepole,
mara ya kwanza kwa hasira,
mara ya pili sijui kwa nini.

Baba ana simu sasa. Nilimnunulia mimi.
Huiweka kifudifudi, juu ya redio iliyokufa.
Nilimwandikia: baba, kuhesabu arubaini ya mama
nimekosea, nitafika Ijumaa, siyo Alhamisi.
Ujumbe ukafika kabla sijameza mate.
Jibu lilichukua wiki tatu,
arubaini imepita, turubai limekunjwa,
nimekwisha rudi kazini.

Haya, aliandika.
Kisha: wasalimie.
Kisha majina kumi na moja, moja chini ya jingine,
Mambrui, Garsen, Kakoneni.
Tisa kati yao nilikwenda naye kuwazika.
La kumi ni Kadzo, popote alipo.
La mwisho hakuliandika jina.
Aliandika: mpishi.